MAZUNGUMZO KWA WAZAZI NA WALIMU: MTOTO MZITO WA KUSOMA SI MJINGA



Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za Percy, kijana wa miaka 14. Macho yake yalikuwa mazima na hesabu alizijua vyema. Lakini hata jina lake aliliandika “Precy” asitambue kosa. Hali hiyo huitwa disleksia. Si uvivu wala ujinga, na aghalabu hurithiwa.

Katika Kiswahili hali hii hujificha. Kwa kuwa maneno huandikwa kama yatamkwavyo, mtoto huweza kusoma sawasawa, ila kwa taabu na polepole mno. Hudhaniwa mvivu, hupigwa, na mwisho huacha skuli akiamini kuwa hana akili.

Fimbo haifundishi herufi. Tiba yake ni mafunzo ya kila siku, hatua kwa hatua: mtoto aisikie sauti, aitamke, aichore herufi yake mchangani kwa kidole, kisha aunge silabi.

Wazazi wanaombwa kumpeleka mtoto apimwe macho na masikio, na kuonana na mwalimu mapema. Walimu nao wanaombwa kumpa muda zaidi na kumsaili kwa mdomo.