Barabara, Reli na Amani ya Jirani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Kibondo na Kasulu)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani halina nafasi msikitini, nalo ni barabara na reli. Huenda mtu akauliza: je, hii si kazi ya serikali na wahandisi? Lakini Qur'ani Tukufu yenyewe imezungumza juu ya njia za biashara. Katika Sura Quraish watu wa Makka wanakumbushwa misafara yao ya majira mawili, na papo hapo zinatajwa neema mbili zinazofuatana, yaani shibe na usalama. Na watu wa Madyan, waliokaa kando ya njia ya misafara, waliletewa Nabii Shuaib (a.s.) awakataze kupunja vipimo na kukaa njiani wakiwatisha wapitao. Basi njia iliyo wazi ni neema, lakini ni mtihani pia.

Sisi wa Buha tunaujua mtihani huo. Chumvi ya Uvinza ilibebwa vichwani hadi Burundi zamani sana, kabla hajaja Mjerumani kuchora mpaka. Kisha ikawapo njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Kwa njia hiyo Uislamu ulifika ziwani, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini kwa njia hiyo hiyo walipitishwa wanadamu wenye minyororo shingoni, na baadhi ya waliowaswaga walikuwa wakisimamisha sala. Tusilifiche hilo. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Je, iliwatajirisha Waha? Iliwabeba vijana wetu kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, na nchi hii ya milimani ikahesabiwa kuwa ghala la vibarua. Reli ilikuwa nzima, ila waliyoipanga hawakumwuliza Mha anataka kusafirisha nini.

Kuhusu vita vya majirani sina haja ya kusema mengi, maana mmeviona kwa macho yenu. Baada ya kuuawa Rais Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, Warundi walimiminika huku kwa maelfu. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya ndugu wa Kongo. Na mwaka 2015 Nduta ikajaa tena. Mnakumbuka pia miaka ambayo mabasi yalisubiriana njiani ili yasindikizwe na askari wenye silaha. Hao majambazi ndio waliokaa njiani kama watu wa Madyan. Na tulio wepesi wa kusema kwamba kila ubaya uliletwa na mkimbizi tujiulize ni nani aliyewaficha waporaji na kununua mali waliyopora.

Sasa tazameni yanayojengwa. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, pamoja na kipande cha kilomita 45 upande wa Burundi, kutoka Rumonge hadi Gitaza. Ni mradi mmoja wa nchi mbili. Pale maporomoko ya Rusumo, mitambo ya megawati 80 inagawa umeme wake kwa mafungu sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Na mwezi wa Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi huko Musongati, Burundi, kwa reli itakayotoka Uvinza na kuifikia nikeli ya huko.

Mimi naupenda sana mfano wa Rusumo. Nchi tatu ambazo wakimbizi wamepita baina yao kwa miongo mingi leo zinategemea maji yale yale, na atakayeuharibu mtambo huo atajitia giza mwenyewe. Burundi nayo haina bahari, na shehena yake nyingi hupitia Dar es Salaam. Mtu ambaye saruji na mafuta yake hupita mlangoni kwako ana sababu ya kukutakia amani, nawe unayo sababu ya kumtakia yeye. Lakini lami haichagui abiria. Huwabeba mfanyabiashara na mwenye bunduki vile vile, na huharakisha lumbesa kama inavyoharakisha mzani wa haki.

Kwa hiyo mapendekezo tutakayopeleka yasiwe ya kuomba lami tu. Tuombe njia za kutoka mashambani, maana maharage na mihogo haioti kando ya barabara kuu. Tuombe soko la mpakani Mabamba lenye mizani iliyokaguliwa, Mrundi na Mha wapimiwe kwa kipimo kimoja.

Jambo lililo zito kuliko yote ni fidia. Barabara ikipita katika shamba la marehemu, ni nani anayekwenda kutia sahihi? Mara nyingi ni kaka mkubwa. Mjane yuko jikoni, mayatima wako shuleni, na fedha zimekwisha kununua pikipiki. Sura Nisaa imeonya kwa maneno ya moto juu ya kula mali ya yatima, nasi tunaisoma kwa sauti nzuri. Tunakesha tukibishana juu ya hitima, ilhali dhuluma hii imekaa katika safu ya kwanza ya sala na hakuna anayeiita bidaa.

Naziomba kamati za misikiti zikae kabla ya mkutano ujao wa kijiji na kuandika barua kwa Kiswahili chepesi, aikabidhiwe mtendaji wa kijiji na nakala apewe diwani. Iombe kwamba malipo ya shamba la urithi yasitolewe mpaka warithi wote wametajwa, wanawake wakiwamo. Wala msiandike peke yenu. Waiteni jirani zenu wa makanisani, kwani mashamba yao yamepakana na yenu na wajane wao wanapatwa na hayo hayo. Mwenye elimu ya mirathi miongoni mwetu ajitolee siku moja kila wiki kuwasaidia wenye kuhitaji kuhesabiwa mafungu yao, bila kudai ujira.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaikum warahmatullah.