JIKO LA KUPIKIA NA JIKO LA PICHA

(Maneno ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo, siku ya kufunga darasa)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jiko. Naona baba mmoja kule nyuma ameanza kusinzia. Anasema moyoni, "Hayo ni mambo ya akina mama." La, mzee wangu, amka. Nani anayemlipa fundi? Nani anayesema ukuta upite hapa, mlango ukae pale? Ni sisi wanaume. Kwa hiyo jiko likiwa baya, kosa la kwanza ni letu.

Tutazame tunavyojenga. Nyumba kubwa hupimwa kwa kamba. Sebule huwekwa madirisha mawili. Kisha mabati yanayobaki, miti inayobaki na fedha inayobaki, ndivyo vinavyojenga jiko. Yaani chumba kinachofanyiwa kazi kutwa hujengwa kwa makombo, na chumba cha wageni hujengwa kwa mali. Je, hii ni haki?

Siku hizi umeingia mtindo mpya. Vijana wakirudi kutoka mjini wanatuonyesha picha kwenye simu. Jiko limo ndani ya nyumba, halina ukuta kati yake na sebule. Makabati yamepangwa ukutani. Kuna sinki la kuoshea vyombo, na vigae vinang'aa mpaka unaona uso wako. Ni kitu kizuri, sikatai. Nami nilikipenda, na kilinipa somo.

Jiko langu la picha

Mwaka 2019 nilijenga nyumba. Nilimpa fundi picha, nikamwambia, "Nataka hivi hivi." Akajenga hivi hivi. Majirani wakaja kutazama, nikafurahi sana.

Basi, mama watoto akawasha kuni. Siku ya kwanza moshi ukajaa sebuleni, tukatoka wote nje na wageni wetu. Baada ya mwezi mmoja dari ilikuwa nyeusi. Sinki lilikuwa na bomba, lakini bomba halikuwa na maji, maana kijijini kwetu maji yalichotwa kwa ndoo. Na vile vigae, ambavyo nilivichagua mimi kwa sababu vinang'aa, vilikuwa vinateleza. Siku moja mafuta kidogo yalimwagika. Mke wangu akateleza akiwa na sufuria ya maharage ya moto. Aliungua mkono, tukaenda zahanati usiku.

Alipopona alirudi kwenye mafiga matatu nje, chini ya mwembe. Mvua ikinyesha alipika akiwa na gunia kichwani. Mama yangu alipokuja kututembelea, alilitazama lile jiko la vigae, akanitazama mimi. Akasema, "Mwanangu, hili jiko umemjengea nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewajengea majirani.

Fundi mwanamke wa Frankfurt

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Ujerumani, katika mji wa Frankfurt, baada ya vita kuu ya kwanza watu walikuwa na shida kubwa ya nyumba. Mji ukaanza kujenga nyumba nyingi za wafanyakazi. Mkuu wa kazi hiyo aliitwa Ernst May. Wazee wa kaskazini labda wamekwisha kuona kazi yake bila kumjua, kwani baadaye alikuja kuishi Afrika Mashariki, akalima karibu na Arusha, na ndiye aliyechora jengo la KNCU mjini Moshi.

Mwaka 1926 mchoraji mmoja wa ofisi yake, mwanamke kutoka Austria, jina lake Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba hizo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba wakati ule hakuwa amewahi kupika. Lakini hakuchora kwa kutazama picha nzuri. Alichunguza kazi za jikoni kwa saa mkononi: kila kazi inachukua muda gani, na mpishi anatembea wapi. Kisha akapanga kila kitu karibu na kazi yake. Kulikuwa na meza ya kukatia mboga chini ya dirisha, yenye tundu la kutupia maganda. Kulikuwa na kiti cha kukalia. Unga na mchele vilikuwa katika visanduku vyenye majina. Jiko hilo lilikuwa dogo, upana wake kama meta 2 na urefu wake kama meta 3 na nusu. Yalijengwa majiko kama 10,000 ya namna hiyo.

Lilikuwa na kasoro pia. Lilikuwa jembamba, lilimfaa mtu mmoja tu. Watu wakalalamika kwamba hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili kusaidia. Sisi tunaopika na mabinti na mawifi tusiige jambo hilo. Tuige kuhesabu.

Tuhesabu hatua

Ninyi sasa mnajua hesabu. Fanyeni hivi. Mpe mtoto punje za mahindi. Kila mama anapotoka kwenye moto kwenda kuchota maji mtungini, mtoto aweke punje moja kwenye kopo. Jioni mzihesabu.

Kwetu mtungi ulikuwa hatua 9 kutoka kwenye moto. Kwenda na kurudi ni hatua 18. Punje zilikuwa 20. Basi, 18 mara 20 ni hatua 360 kwa siku, kwa maji tu. Tukausogeza mtungi ukawa hatua 3. Kwenda na kurudi ni 6, mara 20 ni 120. Tumeokoa hatua 240 kila siku, na hatukutoa hata senti moja.

Mambo ya kufuata

Nilijenga upya jiko, nje kidogo ya nyumba. Safari hii mke wangu ndiye aliyeagiza, fundi akasikiliza. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao watoto chini ya miaka 5 walizidi 237,000. Moshi si wa kuzoea. Weka matundu mawili yanayoelekeana ili hewa ipite. Jenga jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Kama paa ni la nyasi, mwite fundi anayejua, bomba lisije likachoma nyumba. Pasua kuni na uzianike, kwa maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi.

Pili, kimo. Meza ya kukatia ifike kiunoni, mgongo usipinde. Lakini moto uwe chini kidogo ya hapo. Mke wangu alimwambia fundi, "Ugali husongwa kwa nguvu kutoka juu. Ukiniwekea sufuria kifuani nitausongaje?" Fundi hakuwa na habari hiyo. Tena moto usiwe chini kabisa, mtoto anayetambaa asiufikie.

Tatu, sakafu. Isiteleze. Saruji iliyokwaruzwa kidogo inatosha.

Nne, mwanga. Pakeni chokaa au udongo mweupe ukutani. Ukuta mweupe unarudisha mwanga, utaliona jiwe kwenye mchele.

Tano, kesho. Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 waitumie. Basi acha nafasi ya jiko la gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, kwa hiyo weka na tundu la hewa karibu na sakafu.

Swali la bibi

Nilipoyasema haya mahali pengine, bibi mmoja aliniuliza, "Mjukuu wangu, mahindi yangu ya mbegu nayaning'iniza juu ya moto. Moshi unafukuza wadudu. Ukiutoa moshi, mbegu yangu italiwa." Bibi alisema kweli. Moshi una kazi hiyo. Lakini mbegu haina mapafu, na mtoto anayo. Tukakubaliana mbegu zikaushwe vizuri juani, zitiwe katika chombo kisichopitisha hewa, kifunikwe barabara.

Na uzuri je?

Uzuri upo, ndugu zangu. Kata safi ikining'inia mahali pake ni uzuri. Kichanja cha vyombo kikipigwa na jua, sufuria zikameremeta, ni uzuri. Siku hizi mama yangu akija hukaa kwenye kigoda jikoni kwetu, anachambua mboga na kuongea na mkwewe, na macho yake hayatoki machozi. Hilo ndilo pambo ninalolipenda.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, nani alichagua mahali pa jiko? Je, mpishi aliulizwa?
2. Hesabu hatua kutoka kwenye moto mpaka kwenye maji. Unaweza kuzipunguza leo bila fedha?
3. Ukipata mabati matano tu, utayaweka sebuleni au jikoni? Toa sababu.