Kazi na Ujuzi: Fundi wa Kukereza Vyuma, Jinja na Mbale

(MUZIKI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI:  Wasikilizaji wetu wa makambini na kwenye makazi, wengi wenu mmetuuliza: nina ufundi lakini vyeti vyangu vilibaki nyumbani, nifanye nini? Leo tunaye mzee aliyekereza vyuma zaidi ya miaka 40, Jinja na baadaye Mbale, huku mashariki mwa Uganda. Mzee, karibu.

MZEE: Asante, mwanangu. Nawasalimu nyote, hasa mafundi wenzangu.

Nilipoanza kazi, Jinja ilikuwa mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda. Palikuwa na nguo za Nytil. Shaba ya Kilembe ilisafirishwa kwa reli kutoka magharibi ikaja kuyeyushwa Jinja. Kakira, pale jirani, walisaga miwa. Kila kiwanda kilikuwa na karakana, na ndani ya karakana mashine ya kukereza, ile ambayo wengine wanaiita lezi. Chuma kinafungwa, kinazunguka, na kisu kigumu kinakikwangua kidogo kidogo mpaka kifike kipimo. Kueleza ni rahisi. Kuifanya ni miaka.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kihindi, mkali sana. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Mzee yule akaondoka na sanduku moja. Vipimo vyake, tupa zake, vyeti vyake, vyote vikabaki. Baada ya muda tukapata barua yake kutoka Uingereza. Alikuwa ameenda kuomba kazi kiwandani mikono mitupu. Wakampa mchoro na kipande cha chuma, wakamwonyesha mashine ambayo hakuwahi kuigusa. Jioni akawakabidhi kitu kilichochorwa, na Jumatatu akaanza kazi. Ninawaambia hili kwa sababu baadhi yenu mko pale alipokuwa yeye.

Sisi tuliobaki tulijifunza kwa shida. Vipuri vikakoma kuja. Gia ikivunjika, unahesabu meno yaliyobaki, unapima, unatengeneza nyingine. Mashine zetu nyingi zilikuwa za Kiingereza, za inchi, na mitambo mingine ilitaka nyuzi za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo unahitaji gia ya meno 127, maana 127 ukigawa kwa 5 unapata 25.4 kamili. Karakana yenye gia hiyo iliheshimiwa kama yenye kisima wakati wa kiangazi.

Viwanda vilipodhoofika nikahamia Mbale, chini ya mlima Elgon. Huko hakuna kiwanda kinachokulisha kila mwezi. Wateja ni wakulima wa kahawa wenye mashine za kumenya, na wenye vinu vya mahindi. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kinu cha mahindi kiko hata kwenye makazi yenu.

Kinu kinaanza kutetemeka, mwenyewe ananunua beringi mpya, baada ya wiki mbili imekufa tena. Beringi haina kosa. Shafti imeliwa pale inapokaa, kwa hiyo beringi inacheza. Usiweke kipande cha kopo kujaza nafasi, nimeona wengi wakifanya hivyo. Jazia kwa kuchomelea, zungukia pande zote ili isipinde, kisha iache ipoe polepole ndani ya majivu makavu. Usiimwagie maji. Ikishapoa, ndipo uikereze mpaka beringi iingie kwa kubanwa.

Shafti mpya unaweza kuipata kwenye ekseli ya lori bovu. Kile ni chuma kizuri. Hujui chuma ulichookota? Kiguse kwenye jiwe la kunolea utazame cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Chuma kigumu cha kutengenezea visu hutoa cheche zinazopasuka kama nyota. Chuma cha kumimina, kile cha mwili wa mashine, cheche zake ni fupi na nyekundu. Lakini vaa miwani kwanza. Na kwenye mashine inayozunguka usivae glavu, usiache mkono wa shati ukining'inia, na dada zangu, fungeni vitambaa na nywele vizuri. Mashine haijui kuachia.

MTANGAZAJI: Na yule asiye na cheti?

MZEE: Hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Hilo ni la kwanza. La pili, ipo hati inayoitwa Workers' PAS, kijitabu kinachoandikwa kazi ulizopimwa ukaziweza. Hukai darasani miaka. Unapewa kazi, unaifanya mbele ya mpimaji. Kwa miaka mingi ilisimamiwa na Directorate of Industrial Training. Kuna ada, kwa hiyo kabla ya kutoa senti yako uliza shirika linaloshughulika na mafunzo kwenye makazi yenu, maana mara nyingine wao hulipia. Mtu akikuuzia hati bila kukupima, mkimbie.

Kabla ya siku hiyo, tafuta karakana ya karibu uombe hata kufagia vyuma, ili mkono usisahau. Nunua daftari. Andika kila kazi: tarehe, ilikuwa ya mashine gani, kipimo kabla, kipimo baada. Kama kuna simu, piga picha kitu kilipoharibika na kilipopona. Na ukienda kupimwa beba kitu kimoja ulichokitengeneza mwenyewe, hata bolti na nati yake. Mpe mpimaji aifunge kwa vidole. Ikiingia mpaka mwisho bila kukwama na bila kucheza, atakuuliza ulijifunzia wapi.

(MUZIKI UNAPANDA)