Panya, Kamba na Bendera ya Manjano

Watu wengi wasimamao ufukoni Mombasa, wakiona meli yaingia Kilindini na bendera ya manjano mlingotini, hudhani kwamba ndani yake mna maradhi. Sivyo. Bendera hiyo ikitwekwa peke yake, maana yake nahodha asema watu wake ni wazima, naye aomba ruhusa ya kuingia. Lakini bendera haitoshi. Kila siku meli ingojayo nje ni hasara kwa mwenyewe, na nahodha aweza kushawishika kumficha baharia mwenye homa. Kwa hiyo kanuni za afya za mataifa, zilizotungwa mwaka 2005, zamlazimisha kutoa habari za mgonjwa mapema, kabla hajafika bandarini.

Hofu hii si ya bure. Mwaka 1894 tauni ilizuka Hong Kong, kisha ikasafiri kwa meli pamoja na shehena. Mwaka 1896 ilifika Bombay, na mwaka 1902 ikaonekana Nairobi, ambako maduka ya mtaa wa Wahindi yalitiwa moto ili kuikomesha. Daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye auchukuaye ugonjwa huo kwa panya na kumtia mtu. Lakini wengi walikuwa hawajamsadiki. Panya akifa, kiroboto humhama, akatafuta mwingine mwenye damu ya moto.

Basi meli ifungwapo gatini, kila kamba nene huvikwa sahani kubwa ya bati, mfano wa ungo. Panya ni hodari mno wa kutembea juu ya kamba, ila afikapo penye sahani ile hukwama. Mkaguzi naye hushuka ngamani na taa yake, kutafuta mavi ya panya, magunia yaliyotafunwa, na alama za mafuta ambazo panya huziacha ukutani, maana hupita njia ile ile kila siku. Akiridhika, meli hupewa cheti cha miezi 6. Asiporidhika, hufukizwa dawa, na kwanza watu wote hutolewa, kwa kuwa moshi ule huua mtu kama uuavyo panya.

Mchukuzi akutaye panya waliokufa penye shehena asiwaguse kwa mkono, wala asiwatupe majini kwa kuogopa kupoteza ujira wa siku kazi ikisimama. Na aende upesi kumwarifu msimamizi wake.