Bando Lisilo na Kikomo, Kasi Yenye Kikomo

Kampuni ya simu inapouza intaneti bila kikomo, mteja ananunua kitu cha kutumia, si alama tu ya mtandao juu ya kioo cha simu. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya simu ya AT&T kwa kuvunja ahadi hiyo hasa. Tangu 2011 kampuni hiyo ilikuwa ikipunguza kasi kwa wateja wa bando lisilo na kikomo, wengine baada ya kutumia gigabaiti 2 tu kwa mwezi. Walioguswa, kwa mujibu wa tume, walizidi milioni 3.5. Intaneti ikishushwa hivyo video hukwama na ramani haifunguki, lakini bili ni ileile.

Kampuni za simu zitasema minara ina uwezo wake, na wachache wakitumia kupita kiasi, wengine wanakosa. Ni kweli, masafa ya redio yana mwisho. Ila tume ilidai kasi ilipunguzwa hata pale mtandao ulipokuwa haujalemewa, kwa hiyo hoja ya msongamano haitoshi. Na hata ingetosha, kipi kinazuia kiwango cha matumizi kinachoshusha kasi kuandikwa waziwazi kwenye tangazo? Mwaka 2019 AT&T ilikubali kulipa dola milioni 60, na kutotangaza tena bando lisilo na kikomo bila kueleza vikwazo vya kasi mahali panapoonekana.

Kabla ya kulipia, msikilizaji, muulize wakala: baada ya gigabaiti ngapi kasi inashuka, na inashuka hadi wapi? Asipokujibu, usinunue.