Volkano na Majina Yake: Istilahi kwa Wakaao Chini ya Mlima

Volkano ni mahali ambapo mwamba ulioyeyuka, gesi na majivu hutoka ardhini kupitia tundu au ufa. Mwamba huo ukiwa bado chini huitwa magma. Ukifika juu huitwa lava, ambayo baadhi ya waandishi huiita zaha. Majina haya mawili yana sababu: magma inapopanda hupoteza sehemu kubwa ya gesi zake, na tabia yake hubadilika.

Aina za volkano hutokana zaidi na mnato wa magma na wingi wa gesi iliyomo. Magma yenye silika kidogo hutiririka kwa wepesi, ikajenga mlima mpana wenye miteremko ya taratibu, mithili ya ngao iliyolazwa. Hiyo ndiyo volkano ngao, kama Nyamulagira nchini Kongo. Magma yenye silika nyingi hunata, hubana gesi na hatimaye hulipuka. Majivu na lava vikipangana kwa zamu hufanya volkano tabaka, ambayo Kibo na Mawenzi ni mifano yake. Vipande vinavyorushwa na kuanguka kando ya tundu hujenga koni ndogo. Nacho chumba cha magma kikimwaga kilichomo, kilele huporomoka na kuacha bonde kubwa la duara, kama Ngorongoro.

Hata hivyo, jina la umbo halitoshi kueleza hatari. Nyiragongo ni volkano tabaka, lakini lava yake ina silika kidogo mno na hukimbia kama maji. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa kilelini lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiozidi saa moja, likaua watu. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia katikati ya mji wa Goma na kufika Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilifika tena kwenye viunga vya mji huo, ambao wakazi wake huzungumza Kiswahili.

Wakazi hao wana istilahi yao: mazuku. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni, haionekani wala hainuki, na huua mifugo na watu. Wanasayansi wa volkano wamelichukua neno hilo jinsi lilivyo katika maandishi yao ya kimataifa.

Hapa pana funzo kwa waundaji wa istilahi. Kiswahili si mkopaji tu katika sayansi, hukopesha pia. Kabla ya kubuni neno ofisini, yafaa kuwauliza kwanza wanaoishi chini ya mlima, kwani onyo lisiloeleweka kwa anayepaswa kukimbia halijawa onyo.