Pesa ya shamba imekwama wapi kati ya Kinshasa na Kindu?

Wandugu na wadada wa Nyangwe, na nyinyi mulioko Kasongo, Kindu na Kinshasa,

Leo tunazungumza juu ya mpunga. Tuko na diploma nyumbani, kazi hakuna, na wazazi waliotulipia masomo kwa mpunga na karanga bado wanasukuma magunia kwa kinga. Ukiuliza juu ya barabara ya shamba, mukubwa wa jimbo anasema: ni Kinshasa. Wa Kinshasa anasema: kilimo ni mambo ya jimbo. Basi tufungue sheria wenyewe.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 204, inapatia jimbo kazi ya kupanga programu za kilimo na kuzitekeleza, lakini kwa kufuata mipango na sheria za taifa. Sheria ya kilimo yenyewe, namba 11/022 ya 24 Desemba 2011, ilitungwa Kinshasa. Kinshasa inaandika, Kindu inatekeleza. Kwa pesa gani? Kifungu cha 175 kinajibu: asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inakatwa palepale inapokusanywa. Hiyo haifanyiki. Pesa inapanda Kinshasa kwanza, kisha inashuka kidogo kidogo, kwa kuchelewa, sawa vile jimbo linaomba sadaka. Hapo Kinshasa njo inavunja Katiba, tunasema wazi.

Lakini jimbo nalo lisijifiche nyuma ya maneno hayo. Likikosa haki yake, linamugeukia mkulima. Kizuizi hapa, karatasi pale. Gunia moja linalipishwa mara ngapi mbele ya kufika sokoni? Kumbe tangu 13 Machi 2018 kuna sheria-amri namba 18/004, yenye orodha ya kodi ambazo jimbo na maeneo yake yanaruhusiwa kulipisha. Isiyokuwa kwenye orodha, si kodi. Wababu zetu walilimishwa pamba kwa lazima wakati wa Wabelgiji. Walijua vizuri jasho la shamba linaweza kwenda wapi.

Sheria ile ya 2011 ilitaja hata mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Lakini kelele kubwa ilikuwa juu ya kifungu cha 16, kinachotaka mashamba yawe ya Wakongo ao ya kampuni ambamo Wakongo wako na sehemu kubwa. Wenye makampuni walilalamika sana. Na kwa barabara ya Nyangwe, nani alilalamika?

Hatuombi, tunadai. Bunge la jimbo litangaze: mwaka huu Kinshasa imetuma ngapi, na ngapi imeingia kwa kilimo. Orodha ya kodi ibandikwe kwa kila kizuizi, kwa Kiswahili. Wabunge wetu wa Kinshasa waulize serikali kuu juu ya ile 40, kwa mdomo, mbele ya watu wote.

Barua iko hapa mezani. Tutaisoma sasa kwa sauti, kisha tusaini, mama zetu wauza mpunga kwanza.